Mzimu, Ramli na Ushahidi: Usomaji wa Mifululizo ya Riwaya za Upelelezi za Kiswahili kutoka Chato

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mifululizo mitatu ya riwaya za upelelezi za Kiswahili: riwaya za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, riwaya za Willy Gamba za A. E. Musiba na riwaya za Joram Kiango za Ben R. Mtobwa. Mandhari ya mifululizo hiyo ni Unguja, Dar es Salaam, Nairobi, Kinshasa na kwingineko. Hapa inasomwa kutoka Chato, wilaya iliyo kusini magharibi mwa Ziwa Viktoria, katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, ambako swali la nani ameua limekuwa mara nyingi likijibiwa kwa ramli, na jibu hilo limegharimu maisha ya watu. Hoja kuu ni kwamba, kwa msomaji wa mahali hapo, mfululizo unaodhaniwa kuwa wa kale na wa kuiga, yaani wa Bwana Msa, ndio ulio karibu zaidi naye, kwa sababu ndani yake anayemtaja muuaji hulazimika kueleza amejuaje. Makala yanaonesha pia mpaka wa mfululizo huo: Bwana Msa hufunua kwamba mzimu hauui, lakini hakupewa kesi ambamo imani yenyewe ndiyo silaha.

1.0 Utangulizi

Riwaya ya upelelezi ina nafasi ya pekee katika historia ya nathari ya Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kupata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957–1958, ni miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa za Kiswahili zenye msuko uliosukwa kwa makini tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwaka 1965 ilifuata Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula, iliyompeleka Inspekta Wingo katika mitaa ya Dar es Salaam. Mwaka 1974 Musiba alimtambulisha Willy Gamba katika Kufa na Kupona, na katika miaka ya 1980 Mtobwa alimfanya Joram Kiango kuwa jina linalotajwa na wasomaji hata wasiomjua mwandishi wake.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezigawa kazi hizi kwa namna inayofanana. Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, huelezwa kuwa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu ya Kizanzibari. Willy Gamba huhesabiwa kuwa jasusi wa zama za ukombozi, aliye karibu na James Bond kuliko na mpelelezi wa mauaji ya kijijini. Joram Kiango huwekwa katika kundi la riwaya pendwa za mjini, zenye kasi, mapenzi na damu. Mgawanyo huu una ukweli, lakini umejengwa juu ya swali la chanzo: mhusika huyu ameigwa kutoka wapi? Makala haya yanauliza swali jingine: mhusika huyu anasomwa wapi, na mahali hapo pana haja gani naye?

Mahali palipochaguliwa ni Chato. Wilaya hii ilimegwa kutoka Biharamulo, mkoani Kagera, na mwaka 2012 ikawa sehemu ya Mkoa mpya wa Geita. Wakazi wake ni Wazinza, Wasukuma, Wasubi, Wahaya na wengine waliovutwa na kilimo, uvuvi na dhahabu. Buseresere ni mji wa biashara wa njiani, na Muganza na Nyamirembe zinatazama ziwa. Katika habari za kitaifa Chato ilijulikana zaidi tangu mwaka 2015, mwana wake John Pombe Magufuli alipochaguliwa kuwa Rais, na Machi 2021 alipozikwa huko. Hata hivyo, hakuna kati ya mifululizo mitatu inayohakikiwa hapa ambao umeifanya kanda hii kuwa makao ya mpelelezi wake. Msomaji wa Chato anapofungua kitabu cha upelelezi cha Kiswahili, husafiri: kwenda visiwani, kwenda mjini, au kuvuka mpaka.

2.0 Mkabala wa Usomaji

Uchambuzi unaongozwa na mawazo mawili. La kwanza ni la Todorov (1966), aliyebainisha kwamba riwaya ya upelelezi hubeba hadithi mbili: hadithi ya uhalifu, ambayo imekwisha kabla ya kitabu kuanza, na hadithi ya upelelezi, ambayo msomaji huifuata. Hadithi ya kwanza haionekani. Hujengwa upya kwa alama ilizoziacha. La pili ni kanuni za Ronald Knox, padri na mwandishi wa Uingereza, ambaye mwaka 1929 aliorodhesha masharti kumi ya utanzu huu. Mawili kati yake yanahusika hapa: nguvu zisizo za kibinadamu zisitumiwe kutegua kitendawili, na mpelelezi asifiche kidokezo alichokipata bila kumwonesha msomaji.

Kwa Knox masharti hayo yalikuwa ya mchezo wa haki kati ya mwandishi na msomaji. Katika makala haya yanachukuliwa kwa uzito mwingine. Mahali ambapo mtu anaweza kutajwa kuwa mchawi na kuuawa usiku uleule, sharti la kuonesha vidokezo hadharani linavuka mipaka ya mchezo na kuwa suala la uhai.

“Kusoma kutoka Chato” kunatumiwa hapa kwa maana ya mkao wa uhakiki, yaani kuyaelekezea matini maswali yanayotokana na historia ya mahali. Yafuatayo hayadai kuwa ni maoni ya wasomaji waliohojiwa.

3.0 Alama na Wanaozisoma

3.1 Kifaranga na macho mekundu

Katika utamaduni wa Wasukuma, mfumu, yaani mganga mwenye uwezo wa kuagua, ana njia nyingi za kutafuta sababu ya msiba. Mojawapo iliyo mashuhuri ni ramli ya kuku: kifaranga hupasuliwa, na alama zilizo mwilini mwake husomwa. Kwa umbo lake, tendo hili lina undugu na upelelezi. Kuna tukio lililopita ambalo halikuonekana, kuna alama zilizobaki, na kuna msomaji wa alama anayerudi nyuma kutoka kwenye alama hadi kwenye sababu. Hadithi mbili za Todorov zimo.

Ni haki kueleza kwamba bafumu walio wengi hutibu, hushauri na hupatanisha, na kwamba wateja wao wanaweza kuwa na mashaka, wakahama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kinachozungumziwa hapa ni kile ambacho Kiswahili cha serikali na cha magazeti kimekiita ramli chonganishi: ramli inayomtaja jirani, shangazi au mama mkwe kuwa ndiye chanzo cha kifo. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inakufanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Kwa maana hiyo sheria ilikwisha kutambua kwamba tendo la kutaja lina hatari yake hata kabla ya panga kunyanyuliwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni macho mekundu. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wekundu wa macho yao ukahesabiwa kuwa alama ya hatia. Wekundu huo mara nyingi hutokana na moshi wa jiko. Mwanamke aliyepika kwa kuni au kinyesi cha ng'ombe kwa miaka hamsini, ndani ya jiko lisilo na dirisha, hubeba machoni mwake historia ya kazi yake. Alama ni ileile. Usomaji ni miwili. Usomaji mmoja unaweza kuthibitishwa na yeyote atakayeingia jikoni na kukaa humo nusu saa. Mwingine unathibitishwa na aliyeutamka tu.

Hapa ndipo tofauti kati ya mpelelezi na mpiga ramli chonganishi inapopatikana. Wote wawili husoma alama, na wote wawili hudai kuona kisichoonekana na wengine. Wanatofautiana katika hali ya alama baada ya kusomwa. Alama ya mpelelezi hubaki mezani: mtu mwingine anaweza kuisoma upya, naye mtuhumiwa anaweza kuipinga. Alama ya mpiga ramli hufungwa pamoja na kauli yake. Mtuhumiwa hana pa kuishika ili aikanushe.

3.2 Nyayo na mwano

Ukanda huu una pia desturi yake ya upelelezi isiyotokana na vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mpaka wa Shinyanga na Tabora, liliibuka jeshi la jadi la sungusungu kupambana na wizi wa ng'ombe. Ng'ombe wakiibwa hupigwa mwano, ukelele unaopokewa kijiji kwa kijiji, na wanaume hufuata nyayo hadi zinakoishia. Nyayo ni kidokezo cha wazi kabisa: kila anayezifuata anaziona, na zikipotea kwenye mwamba kila mtu anajua zimepotea hapo.

Lakini historia hiyohiyo ina upande wa pili. Sungusungu liliwashirikisha waganga tangu mwanzo, na katika baadhi ya maeneo liliwasaka pia watu waliotuhumiwa uchawi. Jamii moja, kikundi kimoja, kilifuata nyayo mchana na kauli ya ramli usiku. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba mahali hapa hapakujua ushahidi mpaka kitabu kilipofika. Ushahidi ulikuwapo, nao uliishi jirani na mpinzani wake.

4.0 Mifululizo Mitatu na Namna ya Kumtaja Mwenye Hatia

4.1 Bwana Msa: mpelelezi mkabala na mzimu

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwenye shamba tajiri anakutwa amekufa mahali penye mzimu, na mahali penyewe panatoa maelezo kabla ya mtu yeyote kuuliza. Mzimu una jina, una historia na una watu wanaouogopa. Kwa hiyo mpinzani wa kwanza wa Bwana Msa ni maelezo ambayo yamekwisha kukubalika. Muuaji ni mpinzani wa pili, naye amejificha nyuma ya yale ya kwanza, kwa kuwa anajua kwamba watu wakishasema “ni mzimu” hawataendelea kuuliza. Kisima cha Giningi (1968) kinarudia mpango huo hata katika jina lake, kwa kuwa Giningi katika masimulizi ya Zanzibar ni mji wa wachawi.

Hapa hoja ya kuiga inahitaji kupimwa upya. Ni kweli kwamba kiko na rafiki msikilizaji vimetoka kwa Conan Doyle. Lakini London ya Holmes haina mzimu ambao mji mzima umekubaliana nao kabla mpelelezi hajafika. Unguja ya Abdulla inao. Kutokana na mandhari hayo, kiini cha upelelezi kinabadilika: kazi ya Bwana Msa ni kurudisha swali ambalo jamii imekwisha kulifunga. Msomaji wa Chato haoni ugeni katika kazi hiyo. Anaujua mzimu kwa jina jingine, na anajua jinsi jibu linalofika mapema linavyoweza kumlinda mwenye hatia.

Jambo la pili ni maelezo ya mwisho. Bwana Msa ana kasoro inayomkaribisha na mpiga ramli: hupenda kunyamaza. Huvuta kiko, hutupa neno la fumbo kwa Najum na Spekta Seif, na mara nyingi huweka sababu zake moyoni hadi dakika ya mwisho. Kwa kipimo kikali cha Knox, mchezo wake hauwi wa haki kila wakati. Lakini dakika ya mwisho hufika, na inapofika hulazimika kusema. Hurudi nyuma hatua kwa hatua, akaeleza siri za nasaba, nani alikuwa mtoto wa nani na ni maneno gani yaliyomfanya ashuku. Mazungumzo hayo marefu huwachosha wasomaji wengi wa leo, na wahakiki wameyaona kuwa udhaifu wa msuko. Usomaji huu unayaona kuwa ndiyo kiini cha maadili ya mfululizo. Mtu haruhusiwi kumtaja muuaji kisha akanyamaza, anadaiwa “nimejuaje”.

Inafaa pia kutazama jina la riwaya ya mwaka 1984, Kosa la Bwana Msa. Mwandishi aliyeutunza mfululizo kwa zaidi ya miaka ishirini alikubali kuliweka neno “kosa” ubavuni mwa jina la shujaa wake, juu ya jalada. Mamlaka inayoweza kukosea kwa jina lake yenyewe ni mamlaka ya aina nyingine kabisa na ile ya kauli isiyokosolewa.

4.2 Willy Gamba: adui anayejulikana

Willy Gamba ni msafiri. Katika Kufa na Kupona (1974) nyaraka za siri zinazohusu harakati za ukombozi zinaibwa Dar es Salaam, na msako unampeleka Nairobi. Katika Kikosi cha Kisasi (1979) yuko Kinshasa. Ramani ya mfululizo huu ni ramani ya siasa za kusini mwa Afrika katika miaka ambayo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kwa msomaji wa bara, mbali na pwani na mbali na mji mkuu, riwaya hizi zilitoa kitu cha thamani: Mtanzania anayeingia hotelini na katika viwanja vya ndege vya miji mingine bila unyonge.

Hata hivyo, namna ya kumtambua mwenye hatia imebadilika. Adui wa Gamba anajulikana kabla ya ushahidi: ni wakala wa makaburu na wa mabeberu, au msaliti aliyenunuliwa nao. Swali linalobaki ni yuko wapi, na nani atafyatua kwanza. Pale ambapo Bwana Msa angeketi na kueleza, Gamba hupigana. Mapambano yanachukua nafasi ya maelezo, na kifo cha mshukiwa kinakuwa ndicho uthibitisho wa hatia yake.

Kwa siasa ya wakati wake uamuzi huo unaeleweka. Ubaguzi wa rangi haukuhitaji kupelelezwa ili ujulikane kuwa ni uovu. Lakini ukisomwa kutoka Chato, unaonesha sura ya kutisha. Mtu hutambuliwa kuwa adui kwa kundi lake, na huuawa kabla ya kusema lolote. Ndiyo mantiki ya macho mekundu. Kwa hiyo mpelelezi mwenye bastola na pasipoti, anayeonekana kuwa wa kisasa kuliko wote, katika jambo hili moja yuko karibu na ramli kuliko mzee wa Unguja mwenye kiko.

4.3 Joram Kiango: kuzimu kama pambo

Mtobwa, mzaliwa wa Kasulu mkoani Kigoma, alikuwa mtu wa bara la magharibi aliyeifanya Dar es Salaam kuwa makao ya mpelelezi wake. Joram Kiango hafungwi na ofisi ya serikali. Ana akili nyepesi, ana mwandani wake Nuru, na huingia katika kesi kwa udadisi wake mwenyewe. Kwa njia hii anasimama kati ya wawili waliotangulia: ana kasi ya Gamba, lakini pia ana hamu ya kujua aliyonayo Bwana Msa.

Kinachovutia kwa hoja hii ni majina ya vitabu. Salamu Toka Kuzimu na Malaika wa Shetani yanaazima msamiati wa ulimwengu usioonekana ili kuamsha hofu, ilhali ndani ya jalada wauaji ni watu wenye fedha, silaha na mipango. Kwa Abdulla mzimu ni maelezo ya uongo yanayopaswa kubomolewa. Kwa Mtobwa kuzimu kumekuwa pambo la kuuzia taharuki. Mabadiliko hayo yanalingana na mandhari. Mji mkubwa unaweza kucheza na neno “kuzimu” kwa sababu wasomaji wake wanachukuliwa kuwa hawaliogopi tena. Katika kijiji ambacho neno hilo bado lina uwezo wa kumfukuza mtu kutoka nyumbani kwake, mchezo huo una uzito ambao jalada halikuukusudia.

5.0 Kesi Ambayo Bwana Msa Hakupewa

Ikiwa Bwana Msa ndiye aliye karibu zaidi, inabakia kuuliza kama angetosha. Mwaka 2009 Mahakama Kuu, katika kikao chake cha Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Februari ya mwaka huohuo, mtoto wa umri wa mwaka mmoja mwenye ualbino alitekwa kutoka nyumbani kwao katika Wilaya ya Chato, na mwili wake ukapatikana siku chache baadaye. Bryceson na wenzake (2010) wameonesha jinsi mauaji ya aina hiyo yalivyofungamana na biashara ya hirizi za bahati katika mazingira ya uchimbaji mdogo wa dhahabu: mchimbaji anayetafuta bahati, mganga anayeagiza, na muuaji anayelipwa.

Uhalifu wa namna hii unauvunja mpango wa Mzimu wa Watu wa Kale. Katika riwaya ile, imani ni pazia, na muuaji mwenye akili timamu amejificha nyuma yake kwa sababu za urithi na mali. Pazia likiondolewa, kesi imekwisha. Katika ukanda wa dhahabu imani haifichi sababu ya mauaji. Imani ndiyo sababu, na pia ndiyo bidhaa. Mpelelezi anayetangaza kwamba “hakuna mzimu” atakuwa amesema kweli bila kumkamata mtu, kwa kuwa mnunuzi wa hirizi hakuua kwa mkono wake, muuaji hakuihitaji hirizi, na mganga hakuwapo usiku ule. Hatia imegawanywa katika mnyororo, ilhali riwaya ya upelelezi ya kawaida hupenda kuiweka juu ya kichwa kimoja.

Riwaya za upelelezi za kusini mwa Afrika zimekwisha kuligusa jambo hili. Katika kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Mma Ramotswe wa Alexander McCall Smith (1998), unaofanyika Botswana, mtoto aliyepotea anahofiwa kuwa amechukuliwa na waganga, naye hatimaye anapatikana akiwa hai. Mwandishi aliiacha hofu iingie, kisha akaitoa, ili sauti ya upole ya kitabu isivunjike. Deadly Harvest ya Michael Stanley (2013), iliyo katika mfululizo wa mpelelezi Kubu wa nchi hiyohiyo, ilichukua njia ngumu zaidi, ikayafanya mauaji ya kupata viungo kuwa kesi yenyewe. Vitabu hivyo viwili vinathibitisha kwamba utanzu huu unaweza kulibeba jambo hilo. Vinathibitisha pia kwamba ni hiari ya mwandishi kuamua ni kiasi gani cha ukweli msomaji ataachiwa.

Riwaya ya Kiswahili ambayo ingeweka mpelelezi wake Chato ingekabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni ya mgeni: mpelelezi anayetumwa kutoka Dar es Salaam kuangaza “giza” la Kanda ya Ziwa, na kuwageuza wakazi wote kuwa washukiwa wa ushirikina. Willy Gamba angeweza kwa urahisi kuwa mgeni huyo. Ya pili ni ya mwili wa aliyeuawa. Utanzu huu huanza na maiti, na kwa kawaida maiti hiyo haina kazi nyingine ila kuanzisha swali. Watu wenye ualbino walikwisha kufanywa kuwa viungo na wauaji wao. Riwaya inayowaingiza kama maiti ya ukurasa wa kwanza tu ingeirudia dhuluma ileile kwa kalamu. Katika hadithi hiyo mtu mwenye ualbino anastahili kuwa shahidi, mpelelezi, au angalau mtu aliyewahi kuishi.

Desturi ya mahali inatoa njia. Nyayo hufuatwa na wengi, na kila mmoja anaona anachofuata. Mfululizo ambao ungeufanya msafara huo kuwa mpelelezi wake, kisha ukausimamisha pale nyayo zinapokatika na mtu mmoja anaposema “twende kwa mfumu”, ungekuwa na kiini cha mgogoro ambacho hakuna hata mmoja kati ya mifululizo mitatu uliokuwa nacho. Msomaji angeuona ushahidi ukishindana na ramli ndani ya kundi moja, miongoni mwa ndugu, bila mgeni wa kuamua.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mandhari ya mfululizo wa upelelezi huamua nini kitahesabiwa kuwa uthibitisho. Katika Unguja ya Abdulla uthibitisho ni maelezo yanayoshinda mzimu; katika miji ya Musiba ni ushindi wa mapambano; katika Dar es Salaam ya Mtobwa ni ufichuzi uliopambwa kwa jina la kuzimu. Ukisomwa kutoka Chato, mpangilio wa kawaida wa mifululizo hii kutoka ya kale hadi ya kisasa unapinduka. Mpelelezi wa mwaka 1960 ndiye anayejibu swali la mahali hapo kwa ukaribu zaidi, kwa kuwa hamtaji mtu bila kudaiwa sababu.

Imeoneshwa pia kwamba jibu lake halitoshi. Pazia la mzimu likiondolewa, katika ukanda wa dhahabu bado kuna biashara, mnyororo wa hatia na jamii iliyogawanyika kati ya nyayo na ramli. Uhakiki wa riwaya pendwa utakuwa na faida zaidi ukiacha kuishia kwenye suala la nani alimwiga nani, ukachunguza namna kila kitabu kinavyomfikisha mtu kwenye hatia. Kipimo hicho kinaweza kutumiwa kwa riwaya yoyote ya utanzu huu, kwa kuanza na swali jepesi: aliyetajwa mwishoni mwa kitabu alipewa nafasi ya kuuona ushahidi uliomtaja?